Bara Lilivyohama Bila Shahidi

Inatangazwa kwa mataifa yote, kwa wakuu wa vyuo, manahodha wa meli na wachoraji wa ramani popote walipo, kwamba bara la Afrika limepasuka vipande viwili. Tukio hilo la kihistoria lilitokea Jumanne ya pili ya mwezi Juni, saa moja na dakika ishirini asubuhi, kati ya jiko la Prisca na choo cha Prisca, katika kitongoji kimoja upande wa Talatala, wilayani Kyela. Aliyeligundua ni Prisca mwenyewe, ambaye alikuwa na haraka.

Alikuwa amebeba kopo la maji. Njia ya chooni aliijua kwa miguu, hatua kumi na nane, na asubuhi hiyo hatua ya kumi na mbili ilikosa pa kukanyaga. Alitazama chini akaona ufa wa upana wa shubiri moja, umenyooka kutoka kaskazini kwenda kusini kama mstari uliopigwa kwa rula, na ndani yake giza tupu. Aliuruka, akaenda alikokuwa anakwenda, na aliporudi aliuruka tena. Kisha akaenda kuigeuza kakao iliyokuwa inavundikwa kwenye kasha la mbao, akaifunika kwa majani mapya ya mgomba, akanawa mikono.

Jioni ufa ulikuwa shubiri mbili. Jumatano uliwekewa ubao. Alhamisi mtendaji wa kijiji alikuja akauliza kama una kibali, akaambiwa hauna, akaandika kwamba hauna. Upande wa mashariki, wenye nyumba, ulikuwa unaondoka taratibu kuelekea jua linakochomoza. Upande wa magharibi, wenye choo, ulibaki. Jirani yake, Elizabeth, alilalamika kwamba kuku wake ametagia ng'ambo.

Ili dunia ielewe uzito wa jambo hili, lazima kwanza ielezwe habari ya jiwe.

Lilikuwa jiwe jeusi la ukubwa wa debe, la aina ile inayosukumwa na mito kutoka Mlima Rungwe. Mumewe Prisca, Lameck, alilichimbia yeye na baba yake, Mzee Zebedayo, siku alipogawiwa shamba: kaskazini ya jiwe ni kwa mzee, kusini ni kwa Lameck. Lameck akapanda mistari sita ya kakao. Miaka miwili na nusu iliyopita Lameck alifariki, na kwa kuwa huku watu huzikwa nyumbani kwao, alizikwa kando ya mstari wa nne, kwenye kaburi la saruji lenye vigae vyeupe. Kila Jumamosi Prisca alilifagia. Alianzia miguuni, akamalizia kichwani, na akifika kichwani alimsimulia marehemu bei ya sabuni na nani ameugua.

Tangu msiba ule jiwe lilikuwa limeanza kutembea. Lilivuka mstari wa kwanza wa kakao, likavuka wa pili, likavuka wa tatu. Desemba lilivuka wa nne, pamoja na kaburi.

Sasa, Prisca aliolewa katika familia inayoshika mambo ya zamani. Kwa desturi hiyo ya Kinyakyusa, mke hamtazami baba wa mumewe, hataji jina lake, hakanyagi uani kwake. Akimsikia anakuja, hugeuka au hujibanza nyuma ya mgomba, na hiyo ni heshima, wala si ugomvi. Kwa miaka kumi na minane Prisca hakuwahi kuuona uso wa Mzee Zebedayo. Alichokijua ni kikohozi chake. Mzee alikuwa muungwana: kila alipokaribia mpaka alikohoa mara mbili, na Prisca akageuka kutazama mashariki, ilikosimama Milima ya Livingstone juu ya ziwa. Kwa njia hiyo aliijua milima ile vizuri sana. Alijua korongo lipi hushika ukungu mpaka saa tano, na maporomoko yapi hung'aa kama uzi baada ya mvua.

Jiwe lilihama mara nne, mchana kweupe, na mara zote nne Prisca alikuwa anatazama milima. Alisikia kikohozi, akasikia udongo unachimbwa, akasikia miguno, ambayo kwa kadiri taarifa hii inavyojua ilikuwa miguno ya mzee mmoja. Kukiwa kimya tena aligeuka, na jiwe lilikuwa limekaa mahali papya, limeshindiliwa vizuri.

Prisca ana binti, Nancy, anayesoma kidato cha tatu shule ya bweni. Ni msichana mwenye akili, aliyelelewa vyema, na hahusiki kwa vyovyote na mambo haya. Anatajwa kwa ajili ya ukamilifu tu.

"Mama Nancy, kaburi limeota majani," alisema Elizabeth, wamesimama wawili ukingoni mwa ufa.

"Nayaona."

"Si uvuke ukafagie? Ubao upo."

"Ni uani kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Baba yake Lameck."

"Taja jina, mwenzangu, hayupo. Ameenda Katumba Songwe kwenye msiba."

"Yeye hayupo. Ulimi wangu upo."

Elizabeth alilitazama kaburi. Tangu Jumanne lilikuwa limesogea mbali na mlango wa jiko kwa urefu wa mwanamume aliyelala. Prisca alikuwa amezoea kuliona akichochea moto, na sasa ilimbidi anyooshe shingo.

Jumamosi Nancy alifika kwa likizo, na kwa kuwa alikuwa ametoka kufundishwa jambo hilo darasani, aliwaeleza majirani bila malipo. Mabara yote, alisema, zamani yalikuwa kitu kimoja. Yalipasuka, na mpaka leo yanahama, kwa mwendo ambao kucha huota. Ziwa Nyasa lenyewe ni ufa wa namna hiyo uliojaa maji.

"Kucha za nani?" aliuliza Elizabeth.

"Za mtu yeyote, mama."

"Basi Jumapili nimekata bara zima nikalitupa jalalani."

"Na huu wa kwetu," alisema Prisca, "mbona una haraka?"

Nancy alisema hilo litafundishwa kidato cha nne.

Jumatano iliyofuata alikuja Raudha. Alizaliwa Mbugani, hapo Kyela mjini, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, akasoma mpaka chuo kikuu, na kazi yake ni kupima mwendo wa ardhi. Alikuwa na mtambo wa miguu mitatu unaosikiliza setilaiti, na mtambo huo ulikuwa umemwambia kwamba sehemu ya kitongoji imetoka mahali pake kwenye ramani.

"Ugonile, mama," alisalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mwanangu. Karibu."

"Kawaida huku ardhi hupanuka milimita chache kwa mwaka. Yenu imekwenda hatua nne kwa siku nane. Nimetumwa nione kama mtambo umeharibika."

"Haujaharibika," alisema Prisca, akamletea kigoda.

Raudha aliutazama ufa kwa muda mrefu huku akila ndizi aliyopewa. Prisca alimuuliza watu wamejuaje kwamba mabara yalikuwa kitu kimoja, ikiwa hakukuwa na mtu wa kuona.

"Baba yangu anauza kanga," alisema Raudha. "Kanga inakuja doti, vipande viwili vimeungana, mteja anakwenda kuvikata nyumbani. Mletee baba vipande hivyo baada ya miaka kumi, kimoja kimepauka, kingine kimehifadhiwa sandukuni. Atavipanga ukingo kwa ukingo, atatazama ua limekatikia wapi na nyuzi zimekatikia wapi, atakuambia: hivi ni doti moja. Hakuwepo wakati wa mkasi. Anasoma pindo tu. Magharibi ya Afrika na mashariki ya Amerika ya Kusini ni doti moja, mama. Mawe ya huku yanaendelea kule, kama ua."

Prisca alisema angependa kuliona pindo hilo.

Walishuka kesho yake saa nne asubuhi, kwa ngazi tano za mianzi zilizofungwa pamoja. Raudha alitangulia na tochi. Prisca alifuata na panga la kupogolea, kwa sababu hakuwa na mazoea ya kwenda mahali popote shambani bila panga.

Kwanza walipita udongo mweusi wenye mizizi. Mizizi ya kakao ilikatika upande huu na kuendelea upande ule, kila mmoja ukimtazama mwenzake. Ukafuata mkanda wa majivu meupe, mepesi kama unga wa muhogo, ambayo Rungwe uliyatapika kabla hajazaliwa mtu wa kukimbia. Kisha tope la ziwa la kale, lililolala kurasa kwa kurasa, kila ukurasa ni mvua za mwaka mmoja, na katikati ya kurasa mifupa ya samaki wadogo, wote wameelekeza vichwa upande mmoja kama wanaosikiliza mahubiri. Prisca alihesabu kurasa mpaka mia nne, akatazama, akaona hajamaliza upana wa kiganja chake. Juu ya kichwa chake kulikuwa na kurasa za kutosha kuufunika mnazi. Akaacha kuhesabu, akaendelea kushuka polepole, kama mtu anayepita katikati ya watu waliolala.

Kwenye ngazi ya nne walikuta makaa ya mawe. Ndani yake mlikuwa na majani yenye umbo la ulimi, na mshipa katikati. Hayakuwa alama tu. Yalikuwa mabichi, yana umande, na moja lilidondoka begani kwa Prisca.

"Jani hili lipo India," alisema Raudha kwa sauti ndogo. "Lipo Australia, lipo Brazili, lipo mpaka kwenye barafu ya kusini kabisa. Mbegu yake ni nzito, upepo hauwezi kuivusha bahari. Kwa hiyo bahari haikuwepo. Ulikuwa msitu mmoja."

"Wa nani?" aliuliza Prisca, ambaye siku hizo hakuweza kufikiria shamba lolote bila swali hilo.

"Hapakuwa na mtu."

"Na mipaka?"

"Hapakuwa na mpaka, mama. Ungetoka hapa kwa miguu, ungefika Brazili umelowa umande tu."

Prisca alisimama, mkono mmoja umeshika ngazi, mwingine umeshika jani. Alisikia msitu ule unavyopumua ndani ya ukuta, mpana kuliko kitu chochote alichowahi kukijua, na usiokuwa na mtu hata mmoja wa kukohoa ndani yake.

Raudha aligonga makaa mara tatu kwa nyundo. Baada ya muda kidogo makaa yaligonga mara tatu.

"Nani huyo?" aliuliza Prisca.

"Alhamisi huwa ni Brazili. India ni Jumatatu."

Prisca naye aligonga kwa mpini wa panga, mara mbili, kwa adabu, kama mtu anayepiga hodi. Alijibiwa mara mbili. Kwa jinsi alivyojibiwa alielewa kwamba ni mwanamke, kwamba ameacha kakao juani, na kwamba hawezi kukaa sana.

Chini ya makaa kulikuwa na baridi. Pumzi zao zilitoka moshi, hapo Kyela, ambako hata Julai watu hulala madirisha wazi. Mwamba ulikuwa mtupu na laini kama kisahani, na ulikwaruzwa mikwaruzo mirefu iliyonyooka, yote ikielekea upande mmoja. Raudha alisema miaka milioni mia tatu iliyopita nchi hii ilikuwa jirani na ncha ya kusini ya dunia, na barafu ilipita hapa imebeba mawe tumboni. Mikwaruzo ya namna hii ipo Brazili, ipo India, na ukiyarudisha mabara yalipokuwa, mikwaruzo yote inakuwa safari moja.

Prisca aliweka kiganja kwenye mkwaruzo. Ulimtosha kidole. Aliufuata kwa kidole mpaka mkono ulipokwisha, na mkwaruzo ukaendelea bila yeye, gizani. Kitu kikubwa kuliko milima yake yote kilikuwa kimepita hapa taratibu, hakikuonwa na jicho lolote, na bado kilikuwa kimeandika kilikotoka na kilikokwenda.

"Kumbe kitu kikihamishwa huacha maelezo," alisema.

"Siku zote," alisema Raudha.

Prisca alipanda ngazi zote tano bila kupumzika. Alisimama ukingo wa mashariki, akautazama ukuta wa magharibi mahali palipo chini kidogo ya nyasi, karibu na kaburi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa sababu siku zote alikuwa analitazama kaburi lenyewe. Ufa ulikuwa umepita juu ya njia yote ya jiwe, ukaikata kama mkate. Kulikuwa na mashimo manne yaliyofukiwa, yamepangana kutoka kaskazini kwenda kusini, kila moja lina umbo la kitako cha jiwe lile. La kwanza lilijaa makapi ya mpunga. La pili lilijaa kokwa za embe. La tatu makapi, la nne kokwa. Baada ya la nne lilikuja kaburi, na baada ya kaburi lilikuja jiwe lenyewe, limekaa juu ya ardhi bila aibu.

Raudha alipima, akachora, akapiga picha. Alisema amesafiri nchi tatu, hajaona ushahidi uliokaa vizuri namna hiyo.

Baraza la usuluhishi la kitongoji lilikaa Jumatatu, kwenye jengo la chama cha wakulima, chini ya uenyekiti wa Mzee Ambwene. Ufa ulikuwa umefika hatua tisa. Mzee Zebedayo aliingia akakohoa mara mbili, na Prisca akageuza kiti chake kutazama ukuta, ambako palikuwa na kalenda ya mwaka juzi. Aliendesha kesi yake yote akiwa ameielekea kalenda hiyo.

"Mlalamikaji, mtaje unayemlalamikia," alisema Ambwene.

"Baba yake Lameck."

"Jina."

"Unalijua, Mwenyekiti."

Karani aliandika: anajulikana.

"Unataka nini?"

"Jiwe lirudi lilipochimbiwa. Mistari minne anaweza kuichuma mwaka huu, mimi sina neno. Kaburi nalitaka sasa. Lina majani."

Mzee Zebedayo alisimama. Wote waliomwona wanakubali kwamba alipendeza, na koti lake la kijivu.

"Ndugu zangu, nina miaka sabini na tisa. Mimi mwenyewe huhamishwa, kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Nitahamisha jiwe kama lile?" Watu wakacheka. Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua. Ilikuwa na ramani ya mabara yote yakiwa yameungana, imepakwa rangi kwa uangalifu. "Mimi sikusoma, lakini wasomi wameandika. Mabara yanahama. Ushahidi: majani, mawe, ukingo unaofanana, na setilaiti. Afrika inakwenda sentimita mbili na nusu kwa mwaka. Sasa nauliza baraza. Amerika nzima imeondoka hapa, na milima yake na mito yake, ikaenda zake. Jiwe langu moja lizuiwe na nani?"

Baraza liliguna kwa kuridhika.

"Mzee," alisema Raudha, "ardhi hapa inakwenda mashariki. Jiwe limekwenda kusini."

"Binti yangu, wewe ulizaliwa Mbugani, ukaenda mpaka chuo kikuu. Mbugani ilikufuata?"

Hata Raudha alitabasamu kidogo. Kisha akatoa picha zake, akayaeleza mashimo manne moja baada ya jingine. Ambwene alizitazama kwa makini, akampa karani, karani akampa aliyekaa jirani, mpaka zikazunguka chumba chote.

"Tuende kwa utaratibu," alisema Ambwene. "Kuna mtu aliyeyaona mabara yakiachana?"

"Hapana," alisema Raudha. "Lakini kuna yaliyobaki. Majani, mikwaruzo, kingo."

"Inatosha. Baraza linakubali kwamba mabara yalihama na yanahama. Karani, andika, na weka muhuri. Sasa, kuna mtu aliyemwona mzee akihamisha jiwe?"

"Kuna yaliyobaki. Mashimo, makapi, kokwa."

"Hayo ni mashimo. Mimi nauliza macho."

"Mbona la bara mmelikubali bila macho?"

"Bara halina ukoo hapa," alisema Ambwene kwa upole.

Kila mtu aliona kwamba hilo ni kweli.

"Mama Nancy, wewe ulikuwepo. Ulimwona?"

"Nilimsikia."

"Ulimwona?"

"Mwenyekiti," Prisca aliiambia kalenda, "kama ningemwona, leo mngekuwa mnanihukumu kwa kumwona."

Wazee walikubali kwa vichwa, na mmoja alisema huyo ndiye mkwe aliyefundwa. Ambwene aliuliza kama yupo mwingine yeyote ndani ya chumba aliyeona. Aliuliza mara tatu, kama taratibu zinavyotaka. Kwenye benchi la nyuma walikaa Elizabeth na Nancy. Elizabeth aliwatazama watu wote. Nancy alikuwa anatazama viatu vyake.

Uamuzi ulisomwa saa saba mchana. Mpaka ni pale lilipo jiwe. Kaburi lipo kwa mzee. Prisca anapongezwa kwa heshima aliyoionyesha wakati wote wa shauri.

Na bara liliendelea. Baada ya wiki mbili ufa ulikuwa hatua ishirini na tano, na ubao ulibadilishwa na daraja la mianzi lenye kamba za kushikilia. Watoto walivuka kwenda kucheza, wanawake walivuka na ndoo za mpunga, na wenye pikipiki walishuka wakasukuma. Asubuhi sana, kabla ya ukungu kupanda, waliokaa ukingoni walisikia watu wa Brazili wakigonga, na wenye nafasi waliwajibu. Chooni sasa ni safari, na Elizabeth alisema imemsaidia magoti. Prisca alinunua taa ya sola yenye mwanga mkali, akaiweka dirishani, si kwa ajili ya kuona, kwa sababu kutoka pale kaburi halionekani tena ila weupe wa kigae kimoja saa kumi jioni, jua likiwa limeinama. Alisema ni ili Lameck ajue wao wako upande gani.

Hapo taarifa hii ya kisayansi inafungwa rasmi, kwa heshima zote.

Mama anasema haijafungwa.

Mama, yaani Prisca, alikuwa amepewa na karani nakala ya vielelezo vyote, kama mshindwa anavyostahili. Aliikunjua karatasi ya mzee mezani akaisoma taratibu mpaka kona ya chini, ambako katika bahari mtu alikuwa amechora samaki mwenye miwani.

"Nancy."

"Abee, mama."

"Samaki huyu nimemwona kwenye daftari lako la jiografia. Nimemwona kwenye la hesabu. Nimemwona kwenye la dini."

Nancy alieleza kwamba samaki wa miwani wapo wengi katika shule za nchi hii. Mama alisubiri. Mama ana subira ya mtu aliyetazama mlima mmoja kwa miaka kumi na minane.

Sawa. Nancy ni mimi. Karatasi niliiandika mimi. Babu aliniuliza kama ni kweli ardhi hutembea, akanisikiliza mpaka mwisho, wala hakuna mwalimu aliyewahi kunisikiliza hivyo, nikampa na ramani. Sikujua anaipeleka wapi. Nilidhani kukiri huko kunatosha, nikainuka niende kuchota maji.

"Kaa," alisema mama. "Makapi ya mpunga ni Juni. Kokwa za embe ni Desemba. Juni, Desemba, Juni, Desemba. Nani huwa hapa Juni na Desemba, na miezi mingine hayupo?"

Nilikaa, ndoo mapajani.

"Na jiwe lile haliinuliwi na mtu mmoja. Baba yako mwenyewe alishindwa. Nani alishika upande wa pili?"

Kesho yake nilivuka daraja nikaenda kwa Mzee Ambwene, nikamwambia niliona, tena niliona kwa karibu. Alinipa kiti. Alisema kitabu cha baraza kimekwisha kupelekwa wilayani, na kwamba hata kisingepelekwa, mimi ni mjukuu. Mjukuu na babu yake ni watani tangu dunia iumbwe, na baraza haliwezi kupokea utani likauita ushahidi. Alinipa na miwa nimpelekee mama. Mama aliimenya, akaila, na ufa siku hiyo uliongezeka hatua moja kama kawaida.

Kwa hiyo naandika hapa, kwa kuwa hakuna pengine pa kuandika. Babu aliniita mke wangu, akasema njoo tumtanie mama yako. Jiwe lilikuwa zito, lina ubaridi chini, na mchanga wake uliingia kwenye soksi zangu za shule. Mara ya nne, Desemba, tulilipitisha kando ya vigae vya kaburi, tukalitua tupumzike, na nilimwegemea baba ili nishushe pumzi. Mama alikuwa hatua sita kutoka kwetu, ametugeuzia mgongo, ametulia kabisa, anatazama milima. Nilibana pua kwa vidole viwili nisicheke.